Tupeane uzoefu: umealikwa harusini kama mgeni, ulibeba kamera gani na ikawaje?

Mwanzisha uzi (Dar)

Wakuu habari za jioni. Desemba inakaribia na kadi za mchango zimeshaanza kumiminika, nikaona nifungue uzi huu mapema. Siwazungumzii mafundi wa picha waliolipwa. Nawazungumzia sisi tuliochanga, tukashona sare, halafu tukabeba na kamera zetu kwa sababu bwana harusi ni mshikaji na tunataka kumwachia kumbukumbu.

Naanza na aibu yangu. Mwaka jana rafiki yangu wa tangu sekondari alioa hapa hapa Dar. Mimi nina Canon 250D na ile lenzi inayokuja nayo kwenye boksi, 18-55 (namba ni milimita, ikipanda lenzi inavuta vitu karibu zaidi). Nikaiona nyonge. Nikaazima kwa jamaa yangu lenzi nyeupe ya 70-200 f/2.8, mzigo wa karibu kilo moja na nusu. Nilipoifunga kwenye kamera nikajitazama kwenye kioo nikajiona nimefika.

Kufika ukumbini, mlinzi akanielekeza mlango wa nyuma, ule wa wapishi na DJ. Nikamwonyesha kadi, tena dabo, akaigeuza mbele na nyuma kama noti ya bandia. Ndani, MC akaninadi kwenye spika: "Kijana wa picha wa pili, wapishe wazee!" Mama mmoja akanivuta shati akaniuliza picha moja nasafisha kwa shilingi ngapi. Fundi mwenyewe aliyelipwa akawa ananitazama kama mtu niliyekuja kugombea sufuria lake.

Ubaya zaidi, kihisi cha 250D, kile cha ndani kinachonasa picha, ni kidogo, kwa hiyo 70 ile inaonekana kama 112. Kutoka kwenye meza yetu nilikuwa naweza kupiga pua ya mtu, siyo mtu. Nikasimama usiku kucha nikitafuta nafasi. Chakula kikagawiwa nikiwa nimepiga goti karibu na keki, na niliporudi kiti changu kilishapata mwenyewe. Na picha ambayo bwana harusi ameiweka sebuleni? Niliipiga kwa simu, kwenye maegesho, yeye akifungwa tai na mdogo wake.

Haya, leteni za kwenu.

Mdau wa Tabata

Mkuu pole, ila nimecheka mpaka dereva wa bodaboda kageuka.

Mimi natembea na lenzi moja tu isiyovuta, Canon 50mm f/1.8 STM. Ni kitu cha gramu 160, ukiishika ni kama kikombe cha kahawa ya mtaani. Watu huwa wanaidharau kwa sababu ni ya plastiki. Lakini hesabu mwanga: 18-55 yako ukiivuta mpaka mwisho tundu lake la mwanga linabaki f/5.6 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Hii ya f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara 10. Ndani ya kanisa lenye madirisha madogo, pale wewe unapolazimika kupandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, mpaka 12800 na picha inajaa mchanga, mimi niko 1250 na kasi ile ile ya shata (pazia la kamera linalofunguka na kufunga).

Sasa nisiwadanganye, ina visa vyake. Kwenye kamera kama yako inageuka 80, kwa hiyo picha ya ukoo mzima inataka urudi nyuma mpaka barabarani. Na ukiiacha kwenye 1.8 ukipiga watu wawili, jicho la bibi harusi litakuwa kali kama wembe na bwana harusi atakuwa moshi. Nilimfanyia hivyo binamu yangu, hadi leo mume ananikumbusha. Wakiwa wawili funga tundu mpaka f/2.8 au f/4.

Dada wa Unguja

Nyinyi mnaanzia kwenye lenzi. Kwetu unaanza kuuliza kama kamera inatakiwa hapo.

Ndoa inafungwa msikitini, huko ni wanaume. Shughuli yetu wanawake ni mbali, tumevua mabaibui, tumejipamba, na mtu hataki sura yake izagae. Harusi ya mtoto wa mama yangu mdogo waliwekwa dada wawili mlangoni na karatasi za kunata, kila simu inazibwa jicho. Mimi nilikuwa na Sony a6000 ndani ya pochi. Sikuitoa, nikaketi, nikala halua.

Baadaye bibi harusi mwenyewe akaniita chumba alichopambwa. Akaniambia, "Dada, nipige hina tu." Nikapiga mikono na miguu, hakuna uso hata mmoja, kwa mwanga wa dirisha lenye pazia jeupe. Picha kama kumi na tano. Nilipomaliza nikaitoa memori kadi nikampa mkononi, hata sikuziangalia nyumbani. Kadi yenyewe ni shilingi elfu kadhaa tu, na mtu analala hana wasiwasi. Kwa kazi ile sikuhitaji lenzi kubwa wala flashi, nilihitaji ile ndogo inayokaribia kitu.

Jengine, mliopo pwani angalieni kuvu. Lenzi yangu ya kwanza niliitia kwenye mkoba wa ngozi, mkoba kabatini, miezi michache. Kuitoa, ndani ya kioo kuna nyuzi nyuzi kama utando wa buibui. Sasa naiweka kwenye deli la plastiki linalofunga vizuri na vile vipakti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Na ukitoka kwenye ukumbi wa kiyoyozi kwenda nje, kamera inatoka jasho. Iache ndani ya mkoba nusu saa izoee joto. Usiipanguse panguse.

Kaka wa Mombasa

Dada amenena. Mimi kisa changu ni cha kamera isiyolia. Nilinunua kamera yenye shata ya kimya, nikasema sasa sitamsumbua mtu, nitapiga hata wakati wa dua. Kweli haikulia. Kurudi nyumbani, picha za ukumbini zote zina mistari, giza mwanga giza mwanga, bwana harusi kawa punda milia.

Fundi mmoja wa Kongowea ndiye aliyenifungua macho. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa za LED za bei nafuu hupepesa mara 100 kila sekunde. Jicho halioni. Lakini ile shata ya kimya haifungi picha kwa mara moja, inaisoma mstari kwa mstari, basi kila mstari unaikuta taa na hali yake. Dawa ni kushusha kasi ya shata mpaka 1/50 au 1/100 ya sekunde, au kurudi kwenye shata ya kawaida na ilie tu. Taa za jukwaani zile za zambarau hazina dawa ya uhakika. Piga RAW, faili ghafi unayoweza kuirekebisha rangi baadaye, uombe Mungu.

Mtu wa Moshi

Mimi niliharibu kazi ya mwenzangu na mpaka leo hajui. Nakiri hapa.

Harusi ilikuwa kwenye turubai, shambani kwa wazee, usiku. Nikaona mwanga hautoshi nikabeba flashi ya Yongnuo YN560. Kosa la kwanza: nimezoea kuielekeza juu ili mwanga urudi kwa upole. Juu kulikuwa na vitambaa vya bluu vya mapambo. Bibi harusi akatoka kama mtu aliyeopolewa ziwani.

Nikaizima? La, nikaiweka kiunoni. Nilichosahau ni kwamba ilikuwa kwenye S1, yaani inawaka yenyewe ikiona flashi nyingine imewaka. Fundi aliyelipwa akipiga, na mimi nawaka. Akipiga, nawaka. Watu wanashangaa huyu kijana ana radi kwapani. Kufika kwenye kukata ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, betri zangu nne zimekwisha, na sitaki kufikiria picha zake zilikuwa na vivuli vya namna gani. Siku ile alikuwa anaifuta lenzi yake kila dakika akidhani ina tatizo.

Mdau wa Tabata

Radi kwapani 😂😂 uzi ufungwe.

Mama wa Dodoma

Usifungwe, na sisi wa simu tuna la kusema. Sina kamera na sidhani nitanunua. Nina simu ya kawaida na nimepiga harusi nne.

Nilichojifunza: kwanza futa kile kioo cha nyuma, maana kimeshikwa na vidole vya pilau. Picha zenye ukungu mnazolaumu simu, nyingi ni mafuta. Pili, ile hali ya kufifisha nyuma ya mtu inakata vilemba. Shangazi yangu alitoka na kilemba nusu, nusu imeliwa na ukuta. Naiacha kabisa.

Halafu wakati wenzangu wanasukumana kwenye zulia jekundu, mimi naenda nyuma kwenye masufuria. Nina picha ya wamama wanne wanapepeta mchele, mmoja ni bibi yake bibi harusi, alikuwa amekataa kukaa meza kuu. Yule bibi kafariki miezi mitatu baadaye. Picha yake ya mwisho ni ile, ana khanga na unga wa ngano usoni. Niliituma WhatsApp kama faili la kawaida, siyo kama picha, maana ukituma kama picha inabanwa na ukichapisha kubwa haitamaniki.

Fundi (nalipwa kwa kazi hii)

Nimesoma kimya, ngoja nitie neno. Mgeni mwenye kamera hanisumbui. Anayenisumbua ni anayesimama katikati ya njia ya kanisa na tableti wakati bibi harusi anaingia. Yule wa pembeni mwenye lenzi ndogo mara nyingi hata simuoni, na baadaye nikiona picha zake namwonea wivu, maana watu walimchekea yeye, mimi walininyooshea shingo tu.

Kitu ambacho wengi hawakijui ni hii kupima mwanga. Kamera inataka kila kitu kiwe kijivu. Ukilenga shela jeupe, inashusha mwanga na ngozi ya bibi harusi inakuwa makaa. Ukilenga suti nyeusi, inapandisha na shela linakuwa shuka lisilo na nakshi. Mimi napima usoni, basi. Kama huwezi kupima usoni, ukiona nguo nyeupe imejaa kwenye picha pandisha mwanga kidogo, halafu angalia kioo cha nyuma kama nakshi za shela bado zipo.

Na memori kadi jamani. Mpwa wangu alinunua kadi iliyoandikwa GB "128" mtaani kwa bei ya chipsi. Ndani ilikuwa na nafasi ndogo mno, ikajaa, ikaendelea kujifanya inapokea. Picha za kanisani zilikuwepo, za ukumbini zote faili tupu. Kadi mpya ijaze kwanza kwenye kompyuta kwa programu kama H2testw, ndiyo uende nayo kwa watu.

Mwanzisha uzi (Dar)

Asanteni sana wakuu. Lenzi nyeupe nimeirudisha kwa mwenyewe leo asubuhi, kanicheka lakini kapokea. Nimepata 24mm f/2.8 ya Canon, ile bapa kama biskuti, gramu 125 tu. Kwenye 250D inakuwa kama 38, yaani nikikaa kwenye kiti naweza kupata meza nzima, na kamera inaingia kwenye pochi ya mke wangu. Mlinzi hataiona. Usiku nitajibana na tundu la 2.8, najua, ila flashi nimeogopa baada ya ile radi.

Harusi ya Desemba ni Machame. Mtu wa Moshi, niambie tu ndafu inaingilia upande gani wa turubai, nikae huko mapema na sahani yangu.