Kijana anaripoti bweni Jumatatu. Orodha ina vitu 38, na kuna kimoja hakimo

Cherehani_Kario

Habari zenu wazazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, nashona nguo hapa Kariobangi South. Kifungua mimba wangu ameitwa bweni kule Nyandarua, Gredi ya 10, anaripoti Jumatatu tarehe 12 Januari 2026. Hawa ndio kundi la kwanza la sekondari pevu ya mtaala mpya, kwa hivyo hata jirani yangu aliyepeleka watoto kidato cha kwanza miaka yote hajui kama mambo ni yale yale. Mimi mwenyewe sikulala bweni hata usiku mmoja. Nilisoma shule ya kutwa, nikifika nyumbani nakuta ndugu zangu wameshamaliza ugali.

Barua ya kujiunga ina vitu 38, nimevihesabu mara mbili. Karo ni 53,554 kwa mwaka na nusu yake inalipwa muhula huu. Hiyo tumeisukuma kwa pesa za chama cha akiba na mkopo wa shemeji. Mkononi nimebaki na 14,000, na humo ndani kuna nauli ya watu wawili kwenda na mmoja kurudi. Kilichonimaliza ni sare. Nashona sare za shule tatu za mtaani, halafu barua inasema sare yote inunuliwe stoo ya shule. Mtu mwenye cherehani ananunua suruali moja kwa bei ya mbili! Haya, nimelipa.

Swali langu: godoro, sanduku, ndoo mbili, beseni, viatu vya ngozi, raba, dufe (duvet), blanketi, kamusi mbili, atlasi, seti ya jometri... nini naweza kuruka na mtoto asirudishwe getini?

Halafu kuna cha 39. Nimekiandika nikakifuta mara tatu. Kijana ana miaka 15 na bado anakojoa kitandani. Si kila siku. Wiki nyingine mara moja, nyingine mara tatu, hasa akichoka au kukiwa na baridi. Hapa nyumbani anaamka saa kumi na moja, anafua shuka kabla wadogo wake hawajaamka, na mimi najifanya sijasikia maji. Baba yake anasema bweni litamkomesha. Nyandarua kuna baridi jamani. Sijalala wiki hii.

Jirani_Umoja1

Mama, sanduku usinunue madukani katikati ya jiji. Teremka Kamukunji kwa mafundi wa jua kali, ukute yule anayeligonga mwenyewe. Mwezi huu watataja bei ya juu kwa sababu wanajua una haraka. Mimi mwaka juzi nililipa 2,500 baada ya kujifanya naondoka mara mbili. Lifungue na kulifunga, kagua bawaba, halafu bonyeza kifuniko kwa goti. Likibonyea, achana nalo, kule bwenini masanduku hukaliwa kama viti. Jina liandikwe kwa rangi juu, na tena ndani, kwa sababu la juu hukwanguliwa.

Dufe ruka. Likilowa kwenye baridi halikauki wiki nzima. Mablanketi mawili mazito ya soko la Gikomba yanatosha. Atlasi na kamusi, kwa wale wauza vitabu wa chini barabarani, wa inama uchague. Ndoo ndiyo huibwa ya kwanza, chukua yenye kifuniko na uchome jina kwa msumari wa moto, kalamu haisaidii. Kufuli nunua mbili nzuri, na funguo ya akiba akae nayo mwalimu wa darasa. Mwanangu alipoteza yake wiki ya kwanza, wakakata kufuli kwa msumeno.

Hilo la 39 silijui, nawaachia wanaolijua.

Mkali_wa_Zamani

Mnawadekeza hawa. Sisi tulilala bweni darasa la sita. Mwache aende, wiki mbili tu za kuchekwa ataacha mwenyewe.

Dereva_wa_Usiku

Mkali, wewe ulikuwa unakojoa ama ulikuwa unacheka?

Mimi nilikojoa mpaka kidato cha tatu. Niliripoti 1999, shule siitaji, na nilipewa kitanda cha juu. Sasa fikiria wewe ndiye wa chini. Siku ya nne bweni zima lilijua, na nikapewa jina: Ndakaini. Bwawa linalonywesha Nairobi. Hata mwalimu mmoja aliniita hivyo darasani, watu wakaanguka kwa kicheko. Wiki mbili za kuchekwa zikapita, zikaja mbili nyingine, sikuacha. Nilichoacha ni kulala. Nilikuwa nakaa kitandani nimeegemea ukuta nikihesabu mabati, halafu nasinzia saa tisa usiku, usingizi mzito kama maiti, na hapo ndipo nakojoa. Mchana nalala kwenye hisabati. Kuchekwa kulizidisha.

Mama, nikuambie yaliyonisaidia, uyachukue yanayokufaa.

La kwanza ni kitanda. Aombewe cha chini, karibu na mlango. Hicho watu hukikimbia kwa sababu ya upepo, kwa hivyo hakuna atakayeuliza kwa nini amepewa yeye.

La pili ni godoro. Mamangu alilifunga kwa karatasi ya nailoni. Nia yake ilikuwa njema, lakini nikigeuka usiku ililia kama mtu anafungua pakiti ya krispi, na vijana arobaini wanasikiliza. Wewe una cherehani. Nenda hapo Light Industries wanaposhona viti vya matatu, uombe ile ngozi bandia laini, rangi ya giza. Shona foronya ya godoro yenye zipu, mishono yote ikae upande wa chini, maana sindano hutoboa na maji hupita kwenye tundu za uzi. Ikionekana kama godoro lilikuja hivyo kutoka dukani, umeshinda.

Na mashuka. Kama barua inataka jozi mbili za samawati, shona nne, kitambaa kilekile, zisitofautiane hata kwa pindo. Aliye na mashuka mawili yanayofanana hakuna anayejua amebadilisha lini. Mimi nilikuwa na moja la maua na moja la mistari, kwa hivyo kila asubuhi kitanda changu kilikuwa kinatangaza habari.

La tatu ni mtu. Kwangu alikuwa mlinzi wa usiku, mzee mmoja wa Murang'a, marehemu sasa. Alinikuta nikianika shuka gizani, hakusema kitu. Kuanzia siku hiyo akawa anagonga dirisha langu kwa rungu mara moja saa tano na mara moja saa nane, akipita kwenye zamu zake. Hakuna aliyejua anamgongea nani. Kati ya siku kumi, tisa niliamka mkavu. Sasa mimi mwenyewe naendesha lori usiku, na saa nane hazijawahi kunipita nikiwa nimelala.

Kwa hivyo mwambie matroni kabla ya Jumatatu, kwa simu, si pale kwenye foleni ya kukaguliwa masanduku. Lakini mwambie kijana kwanza kwamba utasema. Mamangu alisema bila kuniambia. Sikumwandikia barua muhula mzima.

Mkali_wa_Zamani

Sijasema apigwe. Nimesema tu watoto wa siku hizi.

Shosho_Matroni

Nimestaafu baada ya miaka 22 ya mabweni, wasichana kwanza kisha wavulana. Dereva amesema mengi, naongeza machache.

Dadangu, kijana wako hayuko peke yake. Wa umri huo ni kama mmoja au wawili kati ya mia, kwa hivyo bweni la watu themanini mara nyingi huwa na mmoja. Nilikuwa nawajua wangu wote kufikia Ijumaa ya kwanza, hata wale ambao wazazi hawakusema. Ila yule niliyeambiwa mapema nilimpangia kitanda, na yule niliyemgundua mwenyewe nilikuwa nimechelewa siku tano, na siku tano bwenini ni nyingi.

Muulize baba yake taratibu, siku akiwa na moyo mzuri, kama naye hakuwa hivyo. Mara nyingi jambo hili lina ukoo. Mara nyingi pia, anayesema "litamkomesha" anakumbuka yake.

Mpeleke hospitali kabla hajaondoka, fomu ya afya lazima ijazwe hata hivyo. Wapime mkojo na sukari, na waulize kama anapata choo vizuri, maana kufunga choo hukibana kibofu. Kama alikuwa amekauka miezi mingi halafu imerudi, au anakunywa maji kupita kiasi, usisubiri likizo. Kuna kidonge pia kinachopunguza mkojo wa usiku, lakini ni cha daktari kuandika, na anayekimeza hanywi maji ovyo usiku huo. Usichukue kwa duka la dawa kwa kusikia hapa.

Maji anywe ya kutosha mchana. Watoto hawa hujinyima maji kutwa kwa woga, halafu wanakunywa vikombe vitatu vya chai ya jioni kwa sababu ya baridi. Chai ya jioni aipunguze.

Na kabla ya Jumatatu ajaribu usiku mmoja kuamka kwa saa yake ya mkononi, zile ndogo za kengele. Simu haziruhusiwi, saa inaruhusiwa. Aiweke ndani ya foronya ya mto, chini ya sikio.

Cherehani_Kario

Nimerudi, samahani kwa kukaa kimya. Nimesoma yote, na maneno ya Dereva niliyasoma nikiwa dukani, mteja akaniuliza nalia nini, nikasema ni vumbi la kitambaa.

Ijumaa tulienda hospitali ya Mama Lucy, tukapanga foleni tangu saa moja. Mkojo safi, sukari sawa. Daktari alikuwa kijana mdogo, akamwambia mwanangu, "Hata mimi, mpaka Form Two." Sijui kama ni kweli au alimdanganya, lakini mtoto alitoka humo anatembea tofauti.

Jumamosi nilimwambia nitampigia matroni. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaweka masharti mawili: nisiseme mbele ya baba, na nisitumie neno "kukojoa". Nikamuuliza nitumie lipi. Akasema, "Sema nina usingizi mzito." Basi nikapiga simu, nikasema ana usingizi mzito. Yule mama upande wa pili akacheka kidogo, akasema, "Wa kitanda cha chini?" Nikasema ndiyo. Hatukuongeza lingine.

Sanduku nililipata 2,800, sijui kuondoka mara mbili kama Jirani. Dufe sikununua na hakuna aliyeuliza. Foronya nilishona usiku wa Jumamosi, ngozi bandia ya kahawia nyeusi, mishono chini. Kijana aliivalisha godoro mwenyewe, akalala juu yake sakafuni, akajigeuza huku na huku akisikiliza. Haikulia.

Siku ya kuripoti walimwaga sanduku lote kwenye nyasi, mwalimu na karatasi yake, kitu kwa kitu. Jozi nne za mashuka badala ya mbili akazitazama. Mwanangu akasema, "Mama ni fundi, hajui kuacha." Mwalimu akaweka tiki akapita.

Baba yake sijamuuliza bado. Lakini alipoiona ile foronya sebuleni aliishika, akapitisha kidole kwenye zipu, akasema kwao hawakuwa na kitu kama hicho. Akatoka nje.

Nimebakiwa na mita mbili na nusu za hiyo ngozi. Mwenye kijana wa usingizi mzito aniandikie pembeni, anipe vipimo vya godoro. Nitashona, alete zipu tu.