Mafundi wa mashine za boti Ziwa Albert, mnatumaliza!

Ndugu zangu wa ziwani, nimechoka na leo nasema wazi. Mashine ya boti ikipata joto hapa Wanseko, upande wetu wa Uganda, fundi haulizi maji ya kuipoza yanatokaje. Anashika spana, anafungua kichwa cha injini, halafu anakukazia macho: "Bosi, pistoni zimekula silinda. Tafuta milioni moja na nusu." Mguu wa mashine, ile sehemu ya chini inayozama majini yenye pampu, hajaushusha. Hata waya hajatia kwenye tundu la kutemea maji kuona kama limeziba tope, kazi ya dakika moja isiyo na gharama!

Mashine yangu ni ya stroku mbili, nguvu za farasi 40, navusha nayo watu na mizigo kwenda Panyimur. Ilianza kutema maji kidogo kidogo, tena ya moto. Ukiikimbiza inatoa mvuke na kukosa nguvu. Ikazimika katikati ya ziwa, upepo wa mchana umeshaamka, ndani kuna akina mama wenye watoto mgongoni na magunia ya muziri, visamaki vyetu vya ziwani. Tukapiga kasia. Ziwa hili limemeza watu wengi, halafu mtu anachezea roho za abiria kwa ajili ya faida ya gasketi, kile kiziba cha chini ya kichwa!

Maana fundi wa kwanza gasketi ndiyo aliyobadilisha. Joto likabaki palepale. Wa pili akang'oa themostati, kile kilango kinachofungulia maji injini ikishapata moto, akaitupa, eti ni ya nchi za baridi, kwetu haina kazi. Uongo mtupu. Bila themostati injini inakimbia ikiwa baridi mno, petroli haiungui vizuri, plagi zinajaa masizi. Kuipima hata jikoni unaweza: itumbukize kwenye sufuria ya maji, pasha moto. Iliyo nzima hufunguka kabla maji hayajachemka. Isipofunguka, hapo tupa, ufunge nyingine.

Huyo huyo akachukua drili akapanua tundu la kutemea maji, nione maji mengi niridhike. Jamani! Maji yale ni tawi tu la maji ya pampu. Ukiyafungulia njia pana pale, unazinyima silinda maji. Nimelipia kudanganywa macho.

Ugonjwa ulikuwa impela, kile kigurudumu cha mpira cha pampu kinachosukuma maji. Niliushusha mguu mwenyewe na kijana wangu, tukakuta mabawa ya mpira yamekatika. Na huku kwetu lazima yakatike: Nile ikiingia ziwani inamwaga mchanga, mwaloni maji ni mafupi, kila ukisogea ufukweni pampu inanyonya mchanga unaosaga mpira pamoja na bati lililo chini yake. Fundi wa Wanseko asiyelijua hilo amejifunzia wapi? Tena vipande vilivyokatika havipotei, hupanda na maji vikakwama njiani. Ukifunga impela mpya bila kuvitafuta, joto liko palepale. Vyetu tulivitoa kwenye bomba la juu.

Sasa nije kwa wenye maduka, maana nao wamo. Nilinunua impela mjini, pakiti inang'aa, muuzaji anaapa ni orijino. Haikukaa. Mpira ulikuwa umezeekea kwenye shelfu, umekauka, mabawa yakajikunja yasirudi tena. Mpira mzuri ukiubana kwa vidole unaruka na kurudi ulivyokuwa. Nilipoirudisha nikaambiwa spea ikishafungwa hairudishwi. Basi nitajuaje ni mbovu bila kuifunga?

Kwa hiyo ukienda kununua, itoe kwenye pakiti mbele ya muuzaji, uikunje. Akikukatalia, ondoka na pesa zako. Na fundi asiguse kichwa kabla hujaona kwa macho yako tundu limezibuliwa, mguu umeshushwa, impela na kabari yake, kile kichuma kinachoishika kwenye shafti, viko mkononi, themostati imepimwa. Akikuambia hana muda, mfukuze.

Mwenye kujua duka, liwe Hoima, Pakwach au Nebbi, linaloruhusu mteja kukunja impela kabla ya kulipa, aniandikie hapa. Boti yangu bado imefungwa mwaloni.