Babu baharia aliyepotelea Cardiff: nianzie wapi?

Mwana Gerezani:
Wakuu, wakubwa shikamooni. Namtafuta babu mzaa baba. Aliondoka Dar na meli ya mizigo 1947 akiwa na miaka kama 22, hakurudi. Nyumbani vimebaki vitu vitatu: bahasha yenye muhuri wa posta wa Cardiff (mji wa bandari wa Wales, Uingereza), 1953, anwani ya Bute Street; picha yake kavaa koti; na karatasi iliyochakaa iliyoandikwa "Dis. A. No. R" na tarakimu sita, moja imeingia kwenye mkunjo, haieleweki kama ni 3 au 8. Jina tunalolijua ni Juma bin Salum. Nikiliandika kwenye intaneti wanatokea Juma Salum wa dunia nzima ila yeye. Kwenda Uingereza siwezi. Nianzie wapi?

Nanga Kuu:
Mkuu, achana na jina kwanza. Hiyo R ndiyo namba yake ya ubaharia Uingereza. Meli alibadilisha, jina huenda alibadilisha, namba ilimfuata.

Ingia katalogi ya Nyaraka za Taifa za Uingereza (Kew), inaitwa Discovery, kutafuta ni bure. Andika namba, ubane utafutaji ndani ya fungu la BT 372. Hizo ni bahasha za mabaharia, 1913 hadi 1972, na katalogi yenyewe inaonyesha namba, jina, tarehe na mahali pa kuzaliwa. Ndani mara nyingi kuna fomu ya kitambulisho na picha, utaifananisha na ya kwenu. Jaribu zote mbili, ya 3 na ya 8, R ikiwa imegandana na tarakimu, kisha bila R.

Ukikosa, tafuta kwa mahali: Dar es Salaam, Dar-es-Salaam, Daressalaam, Tanganyika. Zanzibar pia, hata kama kazaliwa Gerezani. Karani aliandika alichokielewa. Jina ndiyo balaa. Wao walitaka jina la ukoo, sisi tuna "mwana wa Salum" basi. Kwa hiyo anaweza kuwa chini ya SALUM, SALIM, BIN SALUM, BINSALUM, au kageuzwa kuwa Bwana JUMA.

BT 382 ina rekodi za utumishi za 1941 hadi 1972. Hapo ndipo utapata alipanda meli gani na lini.

Binti Makavazi:
Naongezea kwa Nanga. Ukishapata meli, tafuta namba yake rasmi kwenye crewlist.org.uk, bure. Majina ya meli yanajirudia, namba rasmi hairudii. Kisha angalia mwaka: orodha za wafanyakazi wa meli za 1939 hadi 1950 ziko Kew, BT 381. Kuanzia 1951 nyingi zilipelekwa Maritime History Archive, St. John's, Newfoundland, Kanada. Watu wanaandikia Kew kuulizia safari ya 1952, wanajibiwa haipo, wanadhani ndugu yao alipotea. Kumbe orodha ndiyo iliyohama nchi.

Usipoteze hela kwenye orodha za abiria (BT 26). Baharia aliyeingia akiwa kazini si abiria, hayumo. Rejesta ya 1939 (orodha ya wakazi wa Uingereza wa mwaka huo) nayo ruka, babu alikuwa bado Dar. Sensa ya 1951 imefungwa mpaka 2052.

Vinasaba Tu:
Mbona mnazunguka? Apime DNA, amalize.

Binti Makavazi:
Kaka, mjukuu wa huku na mjukuu wa kule wenye babu mmoja na bibi tofauti wanachangia kama asilimia 6 tu ya vinasaba. Kama kuna mtoto wa babu aliye hai hapa Dar, apime yeye: na mtoto wa kule itafika kama 25, hapo hakuna ubishi. Ila hakuna atakayetokea kama wa kule hawajapima. Na kabla ya kutuma mate nje, muulizie Mkemia Mkuu wa Serikali. Kuna sheria ya vinasaba ya 2009.

Cheti Kwanza:
Mimi ningeenda kwenye ndoa. FreeBMD, tovuti ya faharasa za vizazi, ndoa na vifo vya kule, ni bure. Faharasa ya ndoa tangu 1912 inaonyesha na jina la ukoo la mwenzi. Chagua wilaya ya Cardiff, 1948 hadi 1965. Ukipata, agiza cheti GRO (ofisi kuu ya usajili ya kule), wanatuma hadi huku. Cheti cha ndoa kina jina la baba wa bwana harusi. Kikisema Salum, umepata ushahidi ambao cheti cha kifo hakikupi: cha kifo hakitaji baba, na mahali pa kuzaliwa pameanza kuandikwa Aprili 1969.

Tatizo: kama alifunga ndoa ya msikitini tu, serikali haina habari. Basi tafuta watoto. Faharasa ya vizazi tangu robo ya Julai hadi Septemba 1911 ina ukoo wa mama. Mtoto ambaye ukoo wake na wa mama ni mmoja, mara nyingi wazazi hawakuwa na ndoa ya serikali.

Kama alifia baharini, ni BT 334, inaishia 1972.

Anwani ya Bute Street usiiandikie barua. Sehemu kubwa ya Butetown, mtaa wa bandarini wenye barabara hiyo, ilivunjwa miaka ya 60. Waandikie Heritage & Cultural Exchange, wanatunza picha na mahojiano ya watu wa Tiger Bay (jina la zamani la mtaa huo), na Glamorgan Archives, hifadhi ya nyaraka za eneo hilo.

Mjukuu wa Askari:
Na aliyekwenda Ujerumani kabla ya vita ya pili?

Nanga Kuu:
Anza na Arolsen Archives (kumbukumbu za waliodhulumiwa na Wanazi), mtandaoni na bure, kisha Bundesarchiv Berlin (nyaraka za taifa za Ujerumani), fungu R 1001, la wizara ya makoloni. Andika Daressalam, neno moja. Na tegemea jina kubadilika: Mahjub bin Adam Mohamed, mzaliwa wa Dar 1904, alifika Berlin 1929, na kwenye kumbukumbu ni Bayume Mohamed Husen. Alifia kambi ya mateso ya Wanazi ya Sachsenhausen 1944. Kwa jina la nyumbani pekee ungemkosa.

Cheti Kwanza:
Mwana Gerezani, hiyo karatasi usiipeleke laminesheni Kariakoo. Joto linaipika, plastiki haitoki tena. Zima taa, laza tochi ya simu ubavuni mwa karatasi, usimulike kutoka juu. Kalamu iliacha mfereji. 8 ina mifereji pande zote mbili, 3 upande wa kulia tu. Piga picha mbele na nyuma. Hata ile ya koti, igeuze.

Mwana Gerezani:
Nimelaza tochi. Ni 8. Na nyuma ya picha kuna muhuri wa studio, umefifia ila "Cardiff" inasomeka. Nasubiri bando la usiku niingie BT 372.