Hoteli za ufukweni, zimeni hayo mataa! Kasa wanakufa na sisi hatulali

Wakuu, nimevumilia vya kutosha.

Kuna hoteli imefunguliwa ufukweni huku kwetu Kigamboni, jina naliacha. Upande wake wa bahari wamefunga mataa makubwa meupe ya LED, yanawaka tangu magharibi mpaka asubuhi, wageni wawepo wasiwepo. Mchanga wote mweupe kama mchana. Chumbani kwetu ukishusha pazia bado unahesabu matundu ya chandarua. Mwanangu anaamka saa nane usiku akidhani kumekucha.

Tulikwenda kulalamika. Tukajibiwa kwamba ni usalama wa wageni, na kwamba tushukuru tumepata mwanga wa bure. Hapo ndipo damu iliponichemka. Wa bure kwa nani? Kuna viumbe wanaulipia kwa uhai wao kila msimu.

Fukwe hizi za kusini mwa Dar kasa hutaga, kama wanavyotaga Mafia na Pangani. Jike hupanda usiku, anachimba, anataga mayai yanayoweza kupita 100, anafukia na kurudi majini. Baada ya kama miezi 2 watoto wanatoka mchangani, mara nyingi usiku, na hakuna mama wa kuwaongoza. Wao wanachofuata ni upande ulio na mwanga zaidi, kwa sababu usiku wa kawaida upeo wa bahari huwa mweupe kuliko nchi kavu yenye miti na vichaka. Sasa mwashie taa ya hoteli mgongoni. Anageuka. Anatambaa kuelekea maegesho ya magari, mitaroni, kwenye majani. Kaa wanamkamata, mbwa wanamla, na aliyesalia jua likipanda linamkausha, kunguru wanamalizia. Jike naye akikuta ufukwe unawaka, mara nyingi hugeuza asitage.

Na kasa huchukua miaka 20 na zaidi kabla ya kuanza kutaga. Yaani hasara ya mataa ya leo tutakuja kuishtukia wakati hao walioyafunga wameshauza hoteli na kuondoka.

Kinachoniuma ni hiki. Mvuvi wa hapa akikutwa na nyama ya kasa anakamatwa, na ni haki akamatwe. Anayeangamiza kiota kizima kwa swichi ya ukutani haulizwi na mtu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Lakini jengo likikaa nyuma ya hizo mita 60, halafu taa zake zikamulika mpaka majini, mita 60 zimemlinda nani? Kelele nazo zina kanuni zake tangu 2015, baa zinapimwa desibeli na kufungiwa. Mwanga unaoingia kitandani kwa mtu usiku kucha mbona tunauita maendeleo?

Mwili unahitaji giza, jamani. Giza likiingia ubongo hutoa melatonini, homoni inayouandaa mwili kulala, na mwanga wenye bluu nyingi ndio unaoizuia zaidi. Hizi LED nyeupe kali zimejaa bluu hiyo. Mwaka 2016 chama cha madaktari wa Marekani, American Medical Association, kilitoa tahadhari kuhusu taa za barabarani za aina hii. Sisi ndiyo kwanza tunazishangilia.

Ndege nao wanapotezwa. Kule Ngulia, hifadhi ya Tsavo Magharibi nchini Kenya, taa za loji huwashusha ndege wahamaji usiku wa ukungu, Novemba na Desemba, kwa wingi kiasi kwamba watafiti wamekuwa wakiwavisha pete za utambulisho miguuni pale tangu 1969.

Sisemi tukae gizani. Barabara ya kutoka Feri inahitaji taa, na mama anayerudi na biashara yake usiku ana haki ya kuona anapokanyaga. Nataka taa iwe na mfuniko, imulike chini, iwe ya rangi ya chungwa, na ya upande wa bahari izimwe. Florida, Marekani, penye mahoteli mengi ya ufukweni, halmashauri nyingi zinalazimisha hivyo msimu wa kasa kutaga, na watalii bado wanajaa. Kwa hiyo hii hadithi ya "wageni watakimbia" wasituletee.

Wiki hii naandika barua kwa mtendaji wa kata, nakala NEMC, baraza la taifa la mazingira. Peke yangu watanipuuza. Wa Kigamboni, Mafia, Pangani, Bagamoyo, semeni hapa chini: ufukwe gani, mataa yanaelekea wapi, na kama mmewahi kuokota watoto wa kasa waliokufa nchi kavu. Mwenye picha aweke, ataje mwezi aliopiga. Nitaziambatanisha zote.