Filta isiguswe

Kikundi: Familia ya Kambo (mzee wetu), Lubumbashi

Mama Odette, 07:48
Jambo yenu, ndugu zangu. Motokari imekufa njiani. Nilikuwa naenda Kasenga kuchukua samaki, hata jiji sijaliacha, taa nyekundu ya mafuta ya motere ikawaka. Nikaegesha, nikazima palepale. Kuinama chini, mafuta yametapakaa kwenye lami. Na jana jioni ndipo nilipofanya vidanji, kubadilisha mafuta ya motere na filta, kwa garaji yetu ya siku zote.

Mama Béa, 07:51
Ee Mungu! Wewe mwenyewe uko salama, dada?

Mama Odette, 07:53
Niko salama. Niliwapigia garaji, wakamtuma kijana mmoja kwa pikipiki na bidoni ya mafuta. Akamimina, akawasha, akasema, "Mama, panda, twende garaji." Anaendesha yeye. Hatukufika mbali, motere ikaanza kugonga ka-ka-ka-ka, akikanyaga esansi inazidi. Nikamwambia azime. Patrick amekuja na kamba, tumeivuta mpaka nyumbani.

Patrick, 07:55
Na yale mafuta aliyomimina yamemwagika yote tena. Nimepiga picha ya mchirizi barabarani. Sasa hivi patron wa garaji amenipigia, anasema tuipeleke kwake, ataifungua bure aone. Natafuta vijana wa kusukuma.

Yaya Guylain, 07:56
Hapana, Patrick. HAPANA.

Yaya Guylain, 07:56
Isitoke kwenye parseli, ibaki hapo nyumbani. Filta isiguswe na mtu. Isiwashwe hata kwa "tuisikie kidogo". Niko kazini hapa Kolwezi, ngojeni nitoke atelie niandike vizuri.

Papa Léon, 07:58
Patrick, umesoma? Rudi nyumbani. Anayejua motere katika familia hii ni Guylain.

Patrick, 07:59
Nimesoma, Papa. Nimerudi.

Yaya Guylain, 08:10
Mama Mudogo, pole sana. Patrick, lala chini na tochi, usishike kitu, niambie tu. Mafuta yametokea wapi? Kwenye buloni ya vidanji chini kabisa, au juu kidogo, pale filta ilipofungwa?

Patrick, 08:16
Filta yote imelowa. Buloni ya chini kavu kabisa, ina vumbi.

Yaya Guylain, 08:31
Basi nadhani najua, na nitashangaa nikikosea. Filta ya RAV4 hiyo inafungwa kwa kuzungushwa, mdomoni ina mpira wa duara ambao ndio unaozuia mafuta. Ukifungua filta ya zamani, mara nyingine mpira wake unabaki umeng'ang'ania kwenye chuma ya motere kwa sababu joto limeupika muda mrefu. Fundi anayejua kazi anapitisha kidole pale, anafuta na kitambaa, ndipo anafunga mpya. Asiyeangalia anaifunga mpya juu ya mpira wa zamani. Mipira miwili. Motere ikiwa inanguruma polepole pale garaji haivuji hata tone, mteja analipa na kuondoka. Akifika barabarani akaanza kukanyaga, pompu inasukuma mafuta kwa nguvu, mpira mmoja unachomoka pembeni, na lita nne zinaisha kwa dakika chache tu. Nimeliona hilo hata kwenye pikapu za mgodi, kwa mafundi wenye diploma.

Na ile taa nyekundu haipimi mafuta yamebaki kiasi gani, inapima msukumo. Ikiwaka, maana yake vilebrekini, ule mhimili unaozunguka ndani ya motere, na kusineti zinazoubeba vinaanza kusagana chuma kwa chuma. Mama Mudogo alizima mara moja, alifanya inavyotakiwa. Kijana wa garaji ndiye aliyewasha tena wakati mlango wa mafuta bado uko wazi. Motere imegongea mikononi mwake.

Ndiyo maana nasema isiguswe. Ule mpira wa zamani bado uko pale chini ya filta. Ikienda kwa patron, filta itafunguliwa bila ninyi kuona, mpira utaingia mfukoni, halafu mtaitwa kuonyeshwa kusineti zilizokufa na kuambiwa motere ilikuwa imechoka. Nimeona watu wakipoteza haki yao hivyo, na walikuwa na haki tupu.

Mama Béa, 08:35
Na asiransi, bima ya motokari, haiwezi kusaidia?

Nadège, 08:37
Jambo Tantine. Asiransi ya lazima inalipa hasara unayomletea mtu mwingine barabarani. Motere yako mwenyewe haimo.

Mama Odette, 09:20
Patron amepiga tena. Kwanza alikuwa mpole. Nilipomwambia motokari inabaki hapa, akabadilika. Anasema mimi nimeendesha na taa nyekundu, mimi ndiye niliyeua motere. Halafu akasema ni kosa la aprenti, eti amemfukuza tayari, yeye hahusiki. Kitu kingine: sina fakitire, yaani risiti. Nilimlipa kwa M-Pesa.

Patrick, 09:22
Amemfukuza kijana ili akwepe! Naenda polisi. Mimi nina rafiki OPJ, afisa wa polisi wa upelelezi, atawaita wote wawili, walale ndani usiku mmoja, kesho utaona makuta, pesa, yanatoka.

Mama Béa, 09:24
Patrick mwanangu, taratibu. Yule aprenti namjua. Mama yake tunaimba naye kwaya moja pale Katuba. Mtoto ana miaka kumi na saba, hata mshahara halipwi, anapewa ya kula tu.

Nadège, 09:41
Yaya Patrick, usiende. Nakuomba kama dada na kama avoka staje, wakili aliye mafunzoni. Polisi ni kwa jinai. Kuharibu mali kwa kusudi ni jinai, ila hapa kusudi haliko, kuna kazi mbaya. Kazi mbaya ni deni. Mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na za kisiasa, ambao nchi yetu iliuingia mwaka 1976, kifungu cha 11, unakataza kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mapatano. Najua watu wanafungwa kila siku kwa madeni, si kwamba ni halali. Na ukianza njia hiyo utalipa huku, yeye atalipa huku, mwisho motere bado imekufa na makuta yenu yote wawili yamekwisha.

Silaha ya Tantine iko kwenye kode sivile, sheria ya madai ya raia, Kitabu cha Tatu, dekreti ya tarehe 30 Julai 1888. Ni ya zamani, bado ndiyo inayotumika. Kifungu cha 258: anayemletea mwenzake hasara kwa kosa lake analazimika kuilipa. Cha 259: hata kama ni kwa uzembe au kutoangalia. Na cha 260 kinamjibu patron huyu moja kwa moja: bosi anajibu kwa hasara iliyoletwa na watu wake wakiwa katika kazi aliyowapa. Kumfukuza aprenti leo hakubadilishi kitu, kwa sababu jana alikuwa wake, na leo asubuhi yeye ndiye aliyemtuma na bidoni.

Ila anayedai ndiye anayethibitisha. Kwa hiyo ujumbe wa M-Pesa usifutwe, una jina lake, kiasi, saa. Piga picha ya skrini utume hapa kikundini ikae. Simu za garaji za leo asubuhi pia, piga picha ya orodha. Na majirani walioona kijana akiendesha, chukua majina yao.

Mama Odette, 09:50
[picha]
[picha]
Mama muuza makala wa pale kona aliona kila kitu. Amesema atasema.

Mama Béa, 10:05
Kambo ametuma sauti kwangu, hajui kuitia kwenye kikundi. Anasema hivi: "Odette, usiwe mlegevu, dai chako chote. Ila mtoto wa mwenzio asilale jela kwa jina la familia yangu. Mwenye nyumba ndiye anayelipa sahani iliyovunjwa na mpishi wake."

Papa Léon, 10:12
Kambo amesema. Sasa tufanye hivi. Filta ifunguliwe kesho saa tatu, hapo kwa Odette, mbele ya watu. Guylain atafute fundi asiyetujua sisi wala garaji ile. Mimi nitamwomba shefu wa avenue, kiongozi wa mtaa, aje. Na patron aitwe.

Patrick, 10:13
Patron wa nini tena, Papa?

Nadège, 10:15
Papa Léon ana haki. Aitwe kwa maandishi, tarehe na saa. Akija, ataona kwa macho yake, hatasema tumeupanga ule mpira. Asipokuja, tuna ushahidi kwamba aliitwa. Asipokuwa ameitwa, hata tukipata mipira mitano atasema tumeiweka wenyewe.

Yaya Guylain, 10:40
Nimempata fundi, ana garaji yake Kampemba, mzee wa kazi, alikuwa Gécamines, kampuni ya migodi. Anataka usafiri na kitu kidogo cha muda wake. Mlipeni na mchukue risiti yake, nayo inaingia kwenye hesabu. Patrick, kesho simu ianze kurekodi kabla ufunguo haujagusa filta, na isikatwe mpaka mwisho. Video yenye mkato haina nguvu.

Siku iliyofuata

Patrick, 09:04
Patron amekuja, na mfanyakazi wake mmoja. Shefu wa avenue yuko. Mzee fundi anaifuta filta nje kwanza.

Patrick, 09:11
Inazunguka. Imetoka.

Patrick, 09:12
[video]
YAYA GUYLAIN!

Mama Odette, 09:13
Jamani, iko. Filta mpya ina mpira wake. Na juu, kwenye chuma, kuna mwingine, mweusi, mgumu, upande mmoja umebanwa ukawa bapa na kung'aa, upande mwingine umechomoka unaning'inia. Mzee ameushika kwa koleo, akauweka kwenye karatasi nyeupe mbele ya kila mtu. Hakusema kitu. Alimtazama tu patron.

Yaya Guylain, 09:15
Na patron?

Mama Odette, 09:17
Amenyamaza. Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Mama, hii ni ya kwetu." Namshukuru kwa hilo, nasema kweli. Angeweza kupiga kelele.

Nadège, 09:19
Mzee aandike alichokiona, kwa kalamu, palepale, kabla watu hawajatawanyika: tarehe, namba ya plaki, mipira miwili, buloni ya vidanji kavu, motere inagonga. Asaini, shefu wa avenue asaini, patron asaini kwamba alikuwepo. Mpira na filta muvitie kwenye mfuko, muufunge, ukae kwa shefu.

Patrick, 10:02
Wamesaini wote watatu.

Yaya Guylain, 10:30
Sasa hasara. Nimeongea na mzee kwa simu. Amefungua karteri, lile bakuli la mafuta chini ya motere, vipande vya kusineti vimejaa mle, vilebrekini imechanika. Kuisaga na kuweka kusineti kubwa inawezekana, mimi siipendi, hatujui mafuta yalikosekana mpaka wapi huko juu. Motere iliyotumika yenye hali nzuri ndiyo njia. Patron atasema aifunge yeye ili apunguze gharama. Mama Mudogo, usikubali. Alipe, kazi ifanywe Kampemba.

Mama Odette, 14:26
Tumekaa naye, Papa Léon akiwepo. Amekubali kununua motere na kulipa kazi ya mzee, na mafuta na filta. Anaomba alipe mara mbili, nusu wiki hii, nusu mwisho wa mwezi. Anataka motere ya zamani ibaki kwake. Kuhusu samaki nilizokosa, amekataa kabisa, anasema hiyo ni biashara yangu.

Nadège, 14:33
Motere ya zamani aipate akishamaliza kulipa yote, si kabla. Ni dhamana na ni ushahidi. Samaki: usidai faida uliyoiota, dai kile unachoweza kuonyesha. Kukodi gari mpaka motokari ipone, risiti mkononi.

Mama Béa, 14:35
Na kijana? Mama yake amenipigia analia. Patron amemwambia ataifanyia kazi ile motere mpaka deni liishe.

Papa Léon, 14:38
Hilo nililisikia nikiwa pale na halikunipendeza. Aprenti wa miaka kumi na saba anaachwa peke yake na filta, bila mtu wa kukagua, halafu anatumwa barabarani na bidoni. Nani alipaswa kuangalia? Nadège, liandike.

Nadège, 16:50
Nimeandika, kurasa moja na nusu, nakala mbili. Kiasi, tarehe mbili za kulipa, kazi inafanyika Kampemba, nusu ya gari ya kukodi kwa patron, motere ya zamani inatoka baada ya malipo ya mwisho. Asipolipa tarehe ya pili, isie, afisa wa mahakama, anapeleka barua ya madai, baada yake ni mahakama. Kuhusu aprenti nimeweka mstari kwamba malipo ni ya patron mwenyewe na hakuna mfanyakazi atakayekatwa. Kisheria mstari huo hauna nguvu sana kwa mtu ambaye hakusaini, ila ameusoma na kuusaini mbele ya shefu wa avenue, na watu wa avenue watamkumbusha.

Patrick, 17:40
[picha]
Imesainiwa. Malipo ya kwanza yameingia kwa M-Pesa sasa hivi. Mtoto atarudi kazini Jumatatu, patron ametamka mwenyewe.

Mama Béa, 17:42
Mungu awabariki. Nampigia mama yake.

Yaya Guylain, 17:55
Kazi nzuri, Patrick. Motere ikifika, kabla haijafungwa: mzee apime kompresioni kila silinda mbele yako, afungue kifuniko cha mafuta uangalie ndani kama kuna tope jeusi, na upige picha ya namba yake pamoja na karatasi ya kununulia. Siku moja utauliziwa namba hiyo na mtu wa karte roze, kadi ya gari.

Mama Odette, 18:03
Aksanti sana, wanangu wote. Nakala yangu iko kwa Papa Léon. Sasa, nani anajua gari inayokwenda Kasenga Jumanne? Wateja wangu wa soko la Mzee wananingoja.

Mama Béa, 18:05
Jirani yangu ana Fuso, anaenda huko kila wiki. Nakutumia namba yake pembeni. Mwambie akuandikie risiti.