Uzi: Mliougua TB mkapona, nani alikushikeni mkono miezi yote ile? Tupeane uzoefu

Dada wa Mbagala
Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu ameanza dawa za TB wiki iliyopita. Kliniki wametueleza vizuri: matibabu ni bure, dozi ni miezi 6, miwili ya kwanza ana dawa nne, minne inayofuata mbili, na mkojo ukigeuka rangi ya chungwa asishtuke. Wakauliza nani atamsimamia nyumbani, nikajitolea. Ninachotaka kwenu ni kile ambacho hakipo kwenye karatasi. Mliougua au kuuguza, watu wa karibu walifanya nini kikawasaidia kweli? Na kipi kiliwaumiza? Amepanga chumba kwenye nyumba ya wapangaji wengi, na maneno yameshaanza.

Fundi wa Tandika
Pole dada, na hongera kwa kujitolea. Mimi ni fundi wa kuchomelea, nilimaliza dozi mwaka 2019. Miezi miwili ya kwanza unaumwa, unaona dawa inafanya kazi, unameza bila kuambiwa. Balaa ni kuanzia mwezi wa tatu. Kikohozi kimekata, jasho la usiku limeisha, watu wanakwambia umenenepa. Hapo ndipo unaanza kujiuliza vidonge vya nini tena. Kumbe wadudu wengine bado wamo, na ukikatisha dozi wanaweza kurudi wakiwa sugu. Nilikuwa nayajua hayo yote, lakini mkono ulikuwa mzito kuvichukua.

Mke wangu alikuwa kwao kujifungua, kwa hiyo msimamizi wangu akawa jirani, mama muuza vitumbua. Alfajiri yuko barazani na karai lake. Ananigongea dirisha: "Baba, njoo umeze nikuone." Nameza mbele yake, anaweka alama kwenye kadi, halafu ananifungia vitumbua kwenye gazeti nikale baadaye, maana dawa zile nilielekezwa kumeza tumbo likiwa tupu. Hakuwahi kunihubiria. Siku niliyotaka kugoma aliniambia tu, "Meza, wateja wananisubiri." Nikameza. Dada, mdogo wako atamhitaji mtu wa hivyo zaidi akishapata nafuu kuliko sasa.

Mama Nyamagana
Hapo kwenye nafuu umesema kweli tupu. Mimi niongezee chakula. Mgonjwa wa TB akianza kupona anakuwa na njaa ambayo sijawahi kuiona, na wakati huo huo haendi kazini. Mume wangu ni mvuvi, akikaa nyumbani hakuna kinachoingia.

Kikoba chetu, yaani kikundi chetu cha kuweka na kukopa, kina mfuko wa jamii, ile hela ndogo tunayochanga pembeni ya hisa kwa ajili ya misiba na magonjwa. Kwa katiba yetu ulikuwa unatoka kwa aliyelazwa tu. Mume wangu hakulazwa, kwa hiyo kwenye daftari hakuwa mgonjwa! Nilisimama kikaoni nikawaeleza kwamba huyu anatibiwa nyumbani lakini kazi hawezi. Kulikuwa na ubishi mkubwa. Mwisho wakakubali kutupa unga, maharage na dagaa kila mwezi mpaka amalize dozi, na kifungu kikabadilishwa. Mlio kwenye vikoba, angalieni katiba zenu kabla hamjauguliwa.

Kijana wa Likoni
Langu mimi ni chungu. Wenzangu wa maskani waliacha kunipa mkono, kikombe changu kikatengwa. TB haishiki kwa kikombe wala kwa kupeana mkono, hupita kwa hewa mgonjwa akikohoa. Mhudumu wa afya wa mtaani kwetu aliniomba ruhusa, akaja pale maskani akawaeleza hayo, na pia kwamba mtu akimeza dawa sawasawa, baada ya wiki mbili hivi hatari ya kuambukiza wengine huwa imeshuka sana. Wawili wakaenda kupimwa makohozi. Mmoja alipatikana nayo, na mimi ndiye niliyemsindikiza kuchukua dawa.

Dada wa Mbagala
Ahsanteni sana, nimesoma mpaka machozi. Na watoto? Chumba cha pili kuna wadogo, na walikuwa wakishinda kwake.

Mama Nyamagana
Wapelekwe wachunguzwe wote. Walio chini ya miaka 5 wakikutwa hawana TB, hupewa dawa za kinga. Na madirisha yawe wazi.

Fundi wa Tandika
Kwa kuwa uko Temeke, ulizia pia MUKIKUTE, kikundi kilichoanzishwa na watu waliowahi kuugua TB. Anayesema "mimi nilipona" husikilizwa na wapangaji kuliko bango la ukutani.

Dada wa Mbagala
Nitauliza kesho. Dirisha lake limezibwa na kabati, tunalihamisha usiku huu. Halafu mwezi wa tatu nitakuwa nimerudi zamu za usiku, kwa hiyo natafuta msimamizi wa pili kuanzia sasa. Aliye karibu na Kizuiani na huamka mapema, anitumie ujumbe.