Wana wa Mama, Buruburu: habari ya mfereji wa jikoni

Alhamisi

[06:12] Perpetua: Hamjambo nyote. Naomba kila aliyeamka asome ujumbe huu hadi mwisho kabla ya kujibu. Maji ya mgao yalifunguliwa usiku wa kuamkia leo, mwendo wa saa nane, na hadi yalipokatika alfajiri ukuta wa jikoni kwa Mama ulikuwa ukitoka jasho. Rangi imevimba kuanzia chini ya dirisha, unyevu umepenya hadi sebuleni, na zulia limelowa. Chanzo ni mfereji uliobadilishwa Jumanne na mtu ambaye si fundi. Maji yatarudi Jumamosi usiku. Kila mmoja anitumie shilingi 1,500 kabla ya saa sita mchana, nami nitatafuta fundi.

[06:51] Perpetua: Naona watu wanane wamesoma na hakuna aliyejibu.

[07:55] Brayo: Shikamoo, Shangazi. Kumbe bwawa la Ndakaini limehamia Buruburu na wajukuu hatukualikwa kwenye uzinduzi.

[07:56] Perpetua: Marahaba. Brayo, mzaha uweke kando hadi zulia likauke.

[08:30] Festo: Huyo "mtu ambaye si fundi" ana jina. Nilianza kwa kufunga valvu ya tangi la darini, nikaung'oa mfereji mkuukuu kwa spana, jambo lililonichukua karibu saa nzima kwa sababu ulikuwa umeshikamana na kutu, nikazungusha utepe mweupe mara kumi na mbili kwenye meno ya ule mpya, nikaukaza, kisha nikafungua valvu. Halikudondoka hata tone moja. Mama alishuhudia kwa macho yake na akanikaangia mayai.

[08:33] Brayo: Baba mdogo, mayai yalikuwa mangapi? Nauliza ili tujue kiwango cha malipo ya fundi.

[08:41] Perpetua: Festo, nani alikutuma? Ninakumbuka pasi, ninakumbuka kengele ya mlango, na sote tunakumbuka lile lango la Kitale. Tena kama kodi ya chumba cha nyuma ingekuwa inamfikia Mama tangu Machi, leo tusingekuwa tukichangishana.

[08:44] Festo: Kodi tena? Jambo hilo nililieleza kule matangani, mbele ya Mjomba, na wewe ukaitikia.

[08:45] Perpetua: Niliitikia kwa sababu kulikuwa na wageni.

[11:20] Zipporah: Samahani, nilikuwa kazini. Nimetuma 500, iliyobaki itafuata mwisho wa mwezi. Mama amepata maji ya kupikia?

[11:58] Perpetua: Ana mitungi minne. Saa sita inakaribia na mimi nina 500 mkononi.

[13:20] Shemeji Wekesa: Habari za mchana. Nilipitia kwa Mama asubuhi nikielekea Eneo la Viwandani, nikatazama kwa tochi. Katika nyumba ile maji ya bafuni na chooni hushuka kutoka tangi la darini, lakini mfereji wa jikoni umeunganishwa moja kwa moja na paipu inayotoka kwenye mita. Kwa hiyo kufunga valvu ya tangi hakukuzuia chochote, na Jumanne paipu ya jikoni ilikuwa tupu kwa kuwa haikuwa zamu yetu ya mgao. Halikudondoka tone kwa sababu hapakuwa na maji ya kudondoka.

[13:27] Shemeji Wekesa: Mfereji wenyewe hauvuji, na utepe, ingawa ni mwingi kupita kiasi, umezungushwa upande unaofaa. Kasoro iko ukutani. Paipu zile ni za chuma kilichopakwa zinki, za tangu nyumba ilipojengwa miaka ya sabini. Zinki ikishaisha, kutu hula chuma kutoka ndani, na penye meno ndipo chuma huwa chembamba zaidi. Mfereji ukiwa umeshikamana namna hiyo, huna budi kushika paipu kwa spana moja huku ukizungusha mfereji kwa nyingine, la sivyo nguvu yote huishia kwenye elbo, yaani kiungo cha kona, iliyozikwa ndani ya plasta. Nilichokoa kidogo kwa bisibisi, nikaikuta elbo ina ufa mwembamba kama unywele. Ile blada, ukanda wa mpira, niliyoikuta imefungwa shingoni mwa mfereji haizuii kitu, maana maji hayatokei hapo.

[13:29] Festo: Blada niliifunga leo asubuhi kwa tahadhari tu.

[13:36] Shemeji Wekesa: Tunaweza kubadilisha elbo peke yake, lakini paipu iliyobaki ina umri uleule na sitashangaa kiungo kinachofuata kikipasuka. Mimi ningeiziba ile ya zamani pale kwenye mita na kupitisha paipu mpya ya plastiki, ya PPR, ya milimita 20 juu ya ukuta. Hiyo huunganishwa kwa mashine ya kuyeyusha: nyuzijoto 260 kwa sekunde tano, unaisukuma ndani ya kiungo bila kuizungusha, unaishika ipoe, na kazi imekwisha. Lakini lolote mtakaloamua, ile valvu iliyo kando ya mita haifungi, inazunguka tu mkononi. Ibadilishwe kesho wakati paipu ni tupu. Ikibaki hivyo hadi Jumamosi usiku, mtapiga deki sebuleni.

[13:38] Brayo: Sekunde tano! Hata chapati ya Bibi huhitaji zaidi ya hapo.

[13:52] Zipporah: Kwa habari ya chapati, Jumapili tunakutana kwa nani?

[13:55] Brayo: Kwa Bibi, kila mtu aje na gambuti.

[14:10] Perpetua: Ninyi mnazungumzia chapati baada ya Wekesa kueleza hayo yote! Fundi wangu anaomba 9,000 pamoja na vifaa vyote. Festo, usiguse kitu.

[14:12] Festo: Rafiki yangu ana mashine hiyo ya kuyeyusha na yuko tayari kuniazima.

[14:12] Perpetua: Nimesema usiguse kitu.

[17:48] Mama: Hapa ni Mama, Neema ananiandikia. Nimesomewa yote tangu asubuhi. Mfereji ulianza kudondoka kabla ya Pasaka, nami niliwapigia simu nyote, mmoja baada ya mwingine. Perpetua, ulisema utamtuma fundi wiki hiyohiyo. Nimeweka beseni chini ya mfereji huo miezi mitatu, na nimekuwa nikiamka usiku kulimwaga. Aliyekuja ni Festo. Sitaki kusoma tena hapa neno "si fundi", wala habari ya chumba cha nyuma, kwa maana kodi hiyo inakwenda ninakojua mimi. Fundi akija asibomoe upande wenye kabati la baba yenu.

[18:02] Brayo: Ujumbe huu umefutwa.

[19:31] Zipporah: Tumesikia, Mama.

[20:05] Perpetua: Shikamoo, Mama. Nimesikia, na kuhusu beseni naomba unisamehe. Hata hivyo valvu lazima ibadilishwe kesho. Waliotuma ni Zipporah 500 na Wekesa 1,500. Kaka mkubwa amesoma kila ujumbe na hajasema neno. Kesho Mama ana kliniki na Neema yuko shuleni; je, nani atamfungulia fundi saa tatu?

[20:40] Festo: Nitakuwepo mimi. Nitashika ile spana ya pili.

[20:41] Perpetua: Utafungua mlango tu.

[20:58] Shemeji Wekesa: Na je, mmekubaliana ni elbo peke yake au ni paipu mpya? Fundi atataka kujua anunue nini kabla hajaja.

[22:14] Baba Brayo: Poleni kwa kuchelewa, na pole sana Mama. Nimetuma 3,000 kwa Festo.

[22:15] Perpetua: Kwa Festo?